Mwongozo kamili: kuchagua muundo wa grili za madirisha unaoendana na nyumba yako

Kosa ni lilelile kila mara. Mtu ameshapaua, plasta inakaribia kuisha, anashika simu na kutafuta "grili nzuri". Anapata picha, anamrushia fundi wa kuchomelea, fundi anaiga. Siku grili zinafungwa, nyumba inabadilika sura. Kuta zimenyooka, paa limefichwa, kila kitu ni mistari, halafu kila dirisha lina maua kama kichwa cha kitanda cha chuma.

Grili zile hazina ubaya wowote. Zilichorwa kwa ajili ya nyumba nyingine, basi.

Mwongozo huu unafuata utaratibu mmoja: nyumba kwanza, dirisha pili, picha ya simu mwisho. Ukiufuata kwa mpangilio huo, utamfikia fundi ukiwa na karatasi yenye vipimo, na huko ndiko fedha nyingi zinakookolewa.

## Vitu vya kuandaa

- Futi ya chuma ya mita 5
- Karatasi za A4, penseli, rula na kikokotoo (cha simu kinatosha)
- Selotepu ya karatasi ile ya mafundi rangi, au uzi wa fundi na misumari midogo kama vioo havijawekwa
- Chaki
- Picha ya nyumba ukiwa umesimama ng'ambo ya barabara, iliyochapishwa kwenye karatasi
- Mtu mmoja wa kukusaidia

Nusu siku inatosha kwa nyumba ya vyumba vitatu. Fanya kazi hii kabla ya kulipa hata shilingi moja ya chuma.

## Hatua ya 1: Soma mistari ya nyumba

Vuka barabara, simama hatua kama ishirini, uitazame nyumba kana kwamba si yako. Chukua ile picha iliyochapishwa, chora juu yake mistari yote mirefu unayoiona: ukingo wa paa, nguzo za baraza, kingo za madirisha, matao kama yapo.

Sasa jiulize mistari mingi imelala, imesimama, imeinama, au imepinda. Jibu hilo ndilo linalochagua grili.

Nyumba ya paa la kuficha kwa kawaida imelala: ni ndefu, juu imekatwa sawasawa. Nyumba ya mgongo wa tembo, yaani ya paa la pande mbili, ina mistari miwili ya kuinama inayokutana kileleni. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku ina madirisha madogo yaliyosimama, yanayolingana pande zote mbili za mlango. Nyumba za mwambao zenye matao ni jambo jingine kabisa, nitazifikia.

Umefanikiwa kama: unaweza kusema kwa sentensi moja nyumba yako ni ya mistari gani. Ukishindwa, umesimama karibu mno. Rudi nyuma.

## Hatua ya 2: Pima madirisha na ujue yanavyofunguka

Pima upana wa kila dirisha sehemu tatu: juu, katikati, chini. Pima urefu sehemu tatu vilevile. Andika kipimo kidogo kuliko vyote. Mafundi ujenzi wetu ni hodari, ila tundu la dirisha lililo sawa pande zote ni nadra.

Kama plasta bado, toa sentimita 1.5 hadi 2 kila upande. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Grili inatengenezwa kwa tundu la tofali, inafungwa, plasta inakuja na kumeza fremu upande mmoja zaidi ya mwingine. Muundo uliokuwa umelingana karakana unaonekana umeenda kombo ukutani, na lawama anabeba fundi grili ambaye hakukosa.

Kisha andika dirisha linavyofunguka:

*Aluminiamu ya kuslaidi.* Vioo viwili hukutana katikati na kuacha mstari mnene uliosimama. Grili yako lazima iwe na nondo juu ya mstari huohuo. La sivyo utaona mistari miwili iliyokaribiana bila kulingana, na jicho halitaacha kuiona.

*Mbao za kufungukia nje.* Grili inakaa ndani. Hakikisha mkono unapita kufikia komeo.

*Luva.* Vioo vimelala, tena vingi. Ukiweka nondo za kulala, dirisha litakuwa fujo. Simamisha nondo, tena chache kadiri usalama unavyoruhusu.

Acha kama sentimita 5 kati ya grili na kioo, ili mkono wenye kitambaa upite. Usipoacha, kioo hakitaoshwa tena mpaka nyumba iuzwe.

## Hatua ya 3: Gawa dirisha kwa hesabu

Kabla ya ua au nyota, kuna nafasi kati ya nondo na nondo. Nafasi ndiyo muundo wenyewe. Mapambo ni kiungo tu. Ukiona nyumba ambayo grili zake "zimetulia", mara nyingi utakuta nafasi ni moja nyumba nzima.

Lenga nafasi isiyozidi sentimita 11. Ikipita hapo sana, kichwa cha mtoto mdogo kinaweza kuingia na kukwama, na jeki ya gari ya mwizi inapata pa kukaa. Ikishuka chini ya 8, chumba kinaanza kufanana na mahabusu.

Kanuni ni hii: chukua upana wa ndani ya fremu, toa jumla ya unene wa nondo zote, kisha gawanya kwa idadi ya nondo ukiongeza moja.

Mfano. Dirisha la sebule lina upana wa sm 150 na urefu wa sm 120. Fremu ni skwea paipu ya sm 3, kwa hiyo ndani kunabaki 144 kwa 114. Unatumia nondo za mraba za milimita 12.

Ukiweka nondo 10: 144 toa 12 ni 132. Gawanya kwa 11 unapata sm 12. Pana kidogo.

Ukiweka nondo 11: 144 toa 13.2 ni 130.8. Gawanya kwa 12 unapata sm 10.9. Hiyo ndiyo.

Tena 11 ni witiri, kwa hiyo nondo moja inaangukia katikati kabisa, juu ya mkutano wa vioo vya kuslaidi. Kwa madirisha ya aina hiyo chagua witiri kila mara.

Nondo iliyosimama peke yake sm 114 inapanuka ikisukumwa kwa jeki, hivyo inahitaji mikanda, yaani vyuma vya kulala vinavyoishikilia. Weka miwili, dirisha ligawike mafungu matatu ya karibu sm 40. Zingatia inapoangukia: kizingiti kikiwa sm 90 kutoka sakafuni, mikanda itakuwa kwenye 130 na 170. Aliyekaa kwenye kochi macho yako karibu na 110, aliyesimama karibu na 150 au 160. Wote wanaona nje bila chuma kuwakata usoni. Ukiweka mkanda mmoja katikati, kama wengi wafanyavyo, unaangukia 150, na kila anayesimama dirishani anautazama uso kwa uso.

Onyo: kwenye ghorofa, au dirisha lenye kizingiti kifupi, mikanda mingi ya kulala ni ngazi ya mtoto. Iwe miwili, si mitano.

## Hatua ya 4: Chagua muundo kulingana na nyumba

### Paa la kuficha na nyumba za kisasa za boksi

Nondo zilizosimama tupu, nafasi sawa, fremu nyembamba. Kama unaona ni kavu mno, usiongeze ua; ondoa ulinganifu. Hamisha mkanda wa juu, au weka mistatili miwili mitatu upande mmoja, mirefu na mifupi, inayofuata umbo la kuta. Ukichagua mistatili, hakikisha hakuna uwazi unaozidi zile sm 11 kwa upana wake mdogo. Picha nyingi za mtandaoni za mtindo huu zina matundu ambayo mtoto wa miaka saba anapita bila kuinamisha kichwa.

### Mgongo wa tembo na mapaa ya kuinama

Miraba inakaa vizuri, na hapa almasi pia inaruhusiwa. Almasi ina siri moja: mshazari wake ufuate mwinamo wa paa. Weka rula juu ya picha yako, chora mstari sambamba na paa, kisha uuhamishie dirishani. Almasi yenye mwinamo huohuo inaonekana ilizaliwa na nyumba. Yenye mwinamo wake mwenyewe inagombana na paa, na hutajua kwa nini.

Almasi itumike kwenye madirisha madogo, au sehemu ya juu tu ya dirisha kubwa. Ukiifunika dirisha lote la mita moja na nusu, unaangalia mtaa kupitia wavu wa goli.

### Matao

Dirisha la tao linaomba muundo wa jua linalochomoza: miale inayotoka chini katikati kuelekea ukingoni. Ni muundo mzuri kuliko yote na ndio unaoharibiwa zaidi, kwa sababu miale ikiwa karibu kiunoni, yaani pale chini inapoanzia, inakuwa mbali ukingoni.

Chukua tao la nusu duara lenye nusu kipenyo cha sm 60. Ukingo wake una urefu wa karibu sm 188. Ukiweka miale 7, kama kwenye picha nyingi, nafasi ukingoni zinakuwa 8 za sm 23.5. Hiyo ni njia, siyo grili. Ukiweka miale 15, ukingoni unapata karibu sm 11.8, lakini kiunoni vyuma 15 vinasongamana na kuwa bonge la weldi.

Suluhisho ni pete ya nusu duara katikati ya safari, yaani sm 30 kutoka kiunoni. Nje ya pete weka miale 15. Ndani ya pete iendelee 7 tu, mmoja ukirukwa. Kwenye pete nafasi za ndani zinakuwa zilezile sm 11.8, na kutoka hapo zinapungua. Toa unene wa vyuma, unabaki chini ya 11. Tao linaonekana jepesi na hakuna anayepita.

### Nyumba ya Kiswahili na kota za zamani

Simamisha nondo, uziache hivyo. Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu kuna madirisha mengi ya mbao yenye nondo za kusimama tu, na hayajawahi kuonekana fukara. Uzuri wake uko kwenye mbao na kwenye uwiano. Ukitaka nakshi za nyota za pembe nane, ziweke sehemu moja: juu ya mlango au dirisha la baraza. Zinakula mwanga na hewa, na fundi atakutoza kila kona.

### Maua

Siyakatazi. Nilishayaweka madirisha yote tisa ya nyumba yangu ya kwanza, na kila Jumamosi nilikuwa na mswaki mkononi natoa vumbi kwenye mikunjo. Nimejifunza: ua moja, kwenye mlango wa mbele au dirisha linalotazama geti, madirisha mengine yawe ndugu zake walio kimya.

Maua ya kununua tayari yana aina mbili. Ya bapa la chuma lililokunjwa yanachomeleka vizuri. Ya chuma cha kumimina kwenye kalibu ni mazito, makavu, na mara nyingi yanapasuka pembeni mwa weldi yakipoa. Muulize muuzaji, na umwombe fundi achomelee moja la majaribio.

Kama unaishi karibu na bahari, iwe Tanga, Mombasa, Kigamboni au Unguja, maungio mengi ni adui. Chumvi hukaa pale chuma kinapopishana na chuma, rangi isipofika. Chagua muundo wenye maungio machache, na nondo nzima badala ya paipu, kwa sababu paipu huoza kutokea ndani wakati nje bado inang'aa. Ukilazimika kutumia paipu, kila ncha izibwe kabisa.

## Hatua ya 5: Jaribu kwa selotepu

Usiruke hatua hii, maana inagharimu bei ya soda.

Bandika selotepu kwenye kioo cha dirisha moja kubwa kufuata mchoro wako. Kama hakuna kioo, gonga misumari midogo pembeni mwa tundu na uvute uzi. Kama tundu lenyewe bado, chora kwa chaki ukutani kwa ukubwa halisi.

Tazama kutoka nje saa sita mchana, kisha jioni taa ya ndani ikiwaka. Halafu ingia ndani, kaa unapokaa kila siku. Mwache mtu wa nyumbani akae pia, maana yeye ndiye atakayetazama nje pale akisubiri wageni. Iache siku tatu.

Umefanikiwa kama: siku ya tatu umeacha kuiona. Muundo unaoendelea kukuvuta jicho siku ya tatu utakuchosha mwaka wa tatu.

## Hatua ya 6: Weka mlango wa kutokea

Hili si la urembo, lakini lazima liingie kwenye muundo sasa, kwani baadaye litakuwa kiraka. Grili inayomzuia mwizi kuingia inamzuia na mwenye nyumba kutoka moto ukiwaka. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo sehemu ya grili inafunguka kwa bawaba.

Ukubwa wa kuanzia: kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka dirisha la kutokea liwe na uwazi usiopungua mita za mraba 0.33, na hakuna upande ulio chini ya sm 45. Kwa mfano sm 45 kwa 74. Ni kipimo kizuri cha kuazima.

Ili usiharibu sura, kingo za kijimlango zikae juu ya nondo na mikanda iliyopo tayari kwenye mchoro. Kwenye mfano wetu, nafasi nne pamoja na nondo tatu za ndani yake zinatoa karibu sm 47, na mafungu mawili ya kulala yanatoa zaidi ya 74. Fremu ya kijimlango itapunguza kidogo, kwa hiyo mwambie fundi sm 45 kwa 74 ni uwazi baada ya fremu.

Kufuli iwe ndani. Ufunguo uninginie mahali ambapo mkono wa nje haufiki lakini wa mtoto mkubwa unafika. Jaribuni kuufungua usiku bila taa.

## Hatua ya 7: Mpelekee fundi mchoro, si picha

Chora kila dirisha kwa kipimo cha 1 kwa 10: sentimita moja karatasini ni sentimita kumi ukutani. Dirisha la sm 150 kwa 120 linaenea vizuri kwenye A4. Andika pembeni:

- Vipimo vya nje vya fremu
- Aina na unene wa chuma: nondo ya mraba mm 12, ukuta wa paipu mm 1.5
- Idadi ya nondo na nafasi kati yake
- Bawaba ziko upande gani
- Rangi ya msingi na ya mwisho

Unene wa ukuta wa paipu uandike bila aibu. Paipu ya mm 0.8 na ya mm 1.5 zinafanana kabisa zikishapakwa rangi, na bei ndiyo inayopishana.

Chuma unaweza kukihesabu mwenyewe. Dirisha letu linahitaji vipande 11 vya sm 114. Nondo ya mita 6 inatoa vipande 5, kwa hiyo unanunua tatu. Mzunguko wa fremu ni mita 5.4: paipu moja. Pima nondo dukani kabla ya kulipia, maana nyingi zinazoitwa za mita 6 ni fupi kidogo. Mita moja ya nondo ya mraba mm 12 ina uzito wa kilo 1.13. Ikiwa nyepesi mno, siyo mm 12.

Agiza grili moja kwanza. Ifungwe, itazamwe, ndipo nyingine zikatwe. Fundi anayekataa sharti hili ana haraka kuliko wewe.

## Hatua ya 8: Kagua kabla ya rangi

Rangi huficha dhambi, kwa hiyo nenda karakana chuma kikiwa kitupu.

Pima kona hadi kona, kisha kona zile nyingine. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 3, grili imeenda upande. Pima nafasi tatu ulizochagua bila mpango. Gonga kila ungio: gamba la weldi liwe limetolewa na chuma kimeshikana pande zote, si nukta moja mbele. Pitisha mkono taratibu kutafuta ncha kali.

Kama mmetumia chuma chenye zinki, sehemu za kuchomelea zisuguliwe zinki kwanza na kazi ifanywe penye hewa. Moshi wa zinki huleta homa usiku uleule.

Baada ya hapo kutu isuguliwe, chuma chote kipakwe rangi ya kuzuia kutu, hasa mgongoni ambako hakuna anayeangalia. Kwa rangi ya mwisho, kumbuka kwamba ukiwa ndani, grili nyeusi au ya kijivu kizito inapotea na jicho linapita kwenda nje. Nyeupe inarudisha mwanga na kujionyesha. Nyeupe ichague pale tu fremu za aluminiamu nazo ni nyeupe na nyumba ni ya rangi nyepesi.

## Hatua ya 9: Kufunga

Shikilia grili tunduni kwa kabari za mbao, weka pima maji juu na pembeni, kisha tazama kutoka ng'ambo ya barabara kabla ya masikio, vile vipande vya chuma vya pembeni mwa fremu, kuchimbiwa ukutani. Nondo ya katikati ikae juu ya mkutano wa vioo. Mikanda ya madirisha yote ya upande mmoja iwe mstari mmoja: vuta uzi kutoka dirisha la kwanza hadi la mwisho. Madirisha ya urefu tofauti yapangwe kwa mkanda wa juu, na dirisha la choo lifuate nafasi ileile ya nondo, hata likiwa na nondo nne tu.

Baada ya saruji kukauka, rudisha rangi kwenye kila mkwaruzo siku hiyohiyo, kisha fungua na kufunga kile kijimlango mara kumi. Kikisugua mahali, kirekebishwe fundi angali na mashine yake pale.